Sista Ishirini

Wodi ya wanawake ina vitanda thelathini. Asubuhi ya Jumanne ambayo kisa hiki kinaizunguka, ilikuwa na wagonjwa arobaini na mmoja, na anayetaka kujua wale kumi na mmoja walilala wapi atazame sakafuni, katikati ya vitanda, hadi kwenye mlango wa choo, alikolazwa bibi mmoja ambaye kila aliyekwenda haja ilibidi amruke. Manesi wa zamu walikuwa wawili. Mmoja alikuwa binti mgeni, ana miezi mitatu kazini na bado anaomba ruhusa kabla ya kufungua kabati la dawa. Mwingine alikuwa Sista.

Jina lake analo, limeandikwa kwenye beji iliyofutika. Lakini kwa miaka kumi na tisa wagonjwa, madaktari, wafagiaji, hata mumewe akiwa na utani, wamemwita Sista tu. Ni mwanamke mfupi, mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa hasira. Anaweza kupata mshipa kwenye mkono ambao madaktari watatu wameshaukatia tamaa, na wakati huohuo akamgombeza ndugu wa mgonjwa aliyekalia kitanda na viatu vyake vya matope. Jioni miguu yake huvimba mpaka viatu vinaacha alama. Hajawahi kuchelewa zamu, na anayechelewa anamjua vizuri.

Sasa, kila mgonjwa ana chati yake, na kwenye chati kuna mambo manne ya kujaza kila zamu: joto, presha, mapigo ya moyo na pumzi. Joto lina kipimajoto chake. Presha ina mashine yake, na mashine hiyohiyo, ikiwa na betri, inakupa na mapigo. Pumzi haina mashine. Pumzi inataka mtu asimame kando ya kitanda dakika nzima atazame kifua kikipanda na kushuka, ahesabu, asiitwe, asisukumwe. Dakika moja kwa mgonjwa mmoja si kitu. Kwa wagonjwa arobaini na mmoja ni dakika arobaini na moja za kutazama vifua, wakati dripu zinaisha, sindano za saa nne hazijachomwa na simu ya maabara inalia.

Kwa hiyo Sista aliandika ishirini. Ishirini ni pumzi ya mtu mzima asiye na shida. Wote waliandika ishirini. Aliyemfundisha kazi aliandika ishirini, na aliyemfundisha huyo vilevile. Madaktari wakipita asubuhi wanaiona, wanafungua ukurasa, wanaendelea. Katika miaka kumi na tisa hakuna daktari hata mmoja aliyeuliza inakuwaje wanawake arobaini, wa pumu, wa moyo, wa nimonia, wapumue wote sawasawa kama kwaya.

Ndipo akaja yule kijana.

Chuo cha udaktari kimepakana na hospitali, vimetenganishwa na uzio na geti moja. Kila mwaka chuo huchagua wanafunzi wanane wa mwaka wa tatu kwa mpango wa utafiti. Kila mmoja hupewa profesa wa kumsimamia, na mwisho kuna Siku ya Utafiti, ambapo mabango yanatundikwa ukumbini na mshindi anapelekwa ng'ambo kwenye mkutano. Nafasi hizo hugombaniwa kufa na kupona, maana mwanafunzi akitaka kusomea udaktari bingwa baadaye bila utafiti wowote, barua yake haisomwi. Sista aliwajua wote waliopita. Mmoja alikuja kuhesabu neti zilizochanika. Mwingine alikuja kuwauliza wagonjwa wenye homa kama wanaridhika na huduma. Walihesabu, waliuliza, waliondoka, na hakuna aliyewahi kurudi kusema alipata nini. Neti zilibaki zimechanika.

Hilo lilimkera kwa sababu ya kwake. Zamani, akiwa na miaka minne kazini, yeye mwenyewe aliona kwamba wagonjwa waliolazwa karibu na choo walishikwa na kuhara baada ya siku tatu, hata walioingia na mguu uliovunjika. Akaandika miezi sita kwenye daftari la shule: kitanda, tarehe, siku ya kuanza kuhara. Akalipeleka kwa metroni wa wakati ule, mkuu wa manesi wote. Metroni akalifungua, akalifunga, akamwambia utafiti ni wa chuo, yeye afanye kazi yake. Daftari likarudi nyumbani, binti yake akamalizia kurasa zilizobaki kwa kuchora maua.

Lakini huyu kijana alikuwa na adabu. Mwembamba, koti jeupe limemzidi mikono, shingoni saa ya kuhesabia sekunde aliyoifunga kwa kamba ya kiatu. Wenzake hupita wodini kana kwamba manesi ni sehemu ya ukuta. Yeye alisimama mlangoni akasema shikamoo Sista, akasubiri aitikiwe. Sista akambandika jina palepale: Bwana Saa. Akampa kigoda cha chumba cha dawa, ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukikalia.

"Unatafiti nini?" alimuuliza.

"Mwenendo wa pumzi kwa wagonjwa waliolazwa, Sista."

"Haya, nikuone unavyohesabu."

Kijana akamwendea mgonjwa, akamwambia, "Mama, nahesabu pumzi zako." Mama akavuta pumzi akakaza kifua. Sista akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mwanangu, ukimwambia hivyo atapumua kama anapigwa picha. Mshike mkono. Jifanye unapima mapigo. Macho yako yawe kifuani, na mdomo ufunge."

Bwana Saa akaandika maneno hayo kwenye daftari lake, yote, na Sista akajisikia vizuri kuliko alivyotaka kukiri. Kwa wiki tatu kijana alikuja kila asubuhi, akahesabu, akaandika, akapiga picha chati kwa simu. Sista alidhani anachukua majina ya magonjwa. Siku nyingine alimfungulia kurasa yeye mwenyewe, ili picha isitoke na kivuli.

Sasa ile Jumanne. Kitanda cha kumi na saba kilikuwa na fundi cherehani mmoja, mama wa makamo, aliyeingia Jumapili na nimonia na mdomo usiochoka. Alimtazama Sista akipita, akasema, "Sista, huyu aliyekushonea hiyo sare alikuwa anakimbizwa na mbwa?" Wodi nzima ikacheka, na Sista naye, maana pindo lilikuwa kweli limekwenda upande. Jumatatu fundi alikuwa bado anatania. Jumanne hakutania. Daktari alipita saa tatu, akasoma chati ya jana, akasema dawa ziendelee. Saa nane mchana yule nesi mgeni akapiga kelele. Sista alipofika, midomo ya fundi ilikuwa imekuwa ya buluu. Akaikimbilia mashine ya oksijeni, moja kati ya mbili zilizopo, akaing'oa kwa mgonjwa mwingine aliyeihitaji pia, akaikokota, akaiwasha. Hakuwahi.

Mdogo wake fundi alikuja kuchukua mfuko wa nguo. Sista alijifungia stoo ya mashuka akalia, kisha akatoka kwa sababu dripu ya kitanda cha tisa ilikuwa imeisha. Alimkasirikia daktari wa saa tatu, ambaye hata hakuweka kifaa chake kifuani kwa mama yule. Alimkasirikia kwa wiki nzima, na akamwambia usoni.

Ikapita miezi miwili. Asubuhi moja Sista alipita kwenye korido, kundi la wanafunzi likanyamaza, kisha nyuma yake likacheka. Siku ya pili ikawa hivyohivyo. Akamshika nesi mgeni chumba cha dawa.

"Wanacheka nini wale?"

Binti akatazama sakafu. "Wanakuita Sista Ishirini."

Kabla hajauliza zaidi, metroni akamwita ofisini. Metroni wa sasa si mtu mbaya. Ni mtu aliyechoka. Akamsogezea simu yake juu ya meza. Bango la Bwana Saa lilikuwa limeshatundikwa ukumbini kusubiri Siku ya Utafiti, Ijumaa, mtu akalipiga picha, picha ikamfikia mkurugenzi wa hospitali. Katikati ya bango ilikuwepo chati. Kwenye chati kulikuwa na ishirini, kwa mwandiko wa Sista, na chini yake sahihi ya Sista ambayo hakuna aliyejali kuifunika. Maelezo yalisema: kitanda cha kumi na saba, chati ishirini, hesabu halisi arobaini na sita, tofauti kubwa kuliko zote katika wagonjwa mia mbili.

"Arobaini na sita," Sista alisema.

"Na mgonjwa alifariki siku hiyo," metroni akasema. "Mkurugenzi anaita uzembe uliosababisha kifo. Kamati ya nidhamu inakaa Jumatatu saa nne. Sikufichi mdogo wangu, wamekusudia kukufukuza."

Sista hakusikia sana kuhusu kufukuzwa. Alisikia kwamba watu wanasema amemuua fundi. Kigoda alimpa Bwana Saa yeye. Ujanja wa kuhesabu alimfundisha yeye. Kurasa alimfungulia yeye, kwa mkono wake, kama mtu anayemshikia mwizi taa! Hasira ilimpanda mpaka masikio yakapiga kelele, akashindwa kukumbuka anatokaje ofisini humo.

Nyumbani alimweleza mumewe, ambaye ni fundi bomba. Mumewe alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa wewe uliandika ishirini?"

"Niliandika."

"Bila kuhesabu?"

"Nina mikono miwili! Unataka nihesabu kwa mguu?"

"Mke wangu, mimi nauliza tu. Nikimwambia mwenye nyumba bomba halivuji na sijalitazama, kesho atanipigia simu maji yamefika magotini."

Sista hakuzungumza naye tena mpaka Ijumaa. Chakula alipika, lakini alikitenga kwa kishindo.

Ijumaa akaenda ukumbini. Hakualikwa, na hakubadilisha sare. Alitoka wodini saa ya mapumziko akavuka geti. Ndani kulikuwa na mabango manane, wanafunzi wenye tai za kuazima, maji ya chupa mezani, na majaji watatu wanaopita na fomu za alama. Mbele ya bango la Bwana Saa watu walikuwa wamejaa. Profesa aliyemsimamia, mtu mnene mwenye sauti nzuri, alikuwa anawaeleza jinsi mwanafunzi wake alivyogundua tatizo kubwa lililofichika. Huyo profesa kwa wiki tatu zile Sista alimwona wodini mara moja, akitafuta mahali pa kuchaji simu.

Bwana Saa alimwona Sista, rangi ikamtoka. Watu wakampisha. Alisoma bango lote, polepole, kuanzia juu, na kwa kuwa alisoma kimya, na wao wakanyamaza.

"Hii arobaini na sita," akasema, akiweka kidole juu ya namba, "ulihesabu saa ngapi?"

"Saa nne na dakika kumi asubuhi, Sista."

"Na huyu mama alikufa saa ngapi?"

"Saa nane mchana."

"Kuna karibu masaa manne hapo katikati. Wewe unajua anapumua arobaini na sita. Wewe peke yako katika hospitali nzima. Ulimwambia nani?"

Bwana Saa akafungua mdomo. Akamtazama profesa, akamtazama Sista, akaufunga.

"Dada yangu," profesa akaingilia, "hapa kuna jambo la kitaalamu. Andiko la utafiti linasema wazi kwamba mhesabuji hatawajulisha wahudumu wa wodi anachokiona. Wahudumu wakijua wanachunguzwa watabadilisha mwenendo, na data itaharibika. Kamati ya maadili ilipitisha."

"Data isiharibike," Sista akasema, "aharibike mtu?"

Alisema kwa sauti ile anayoitumia kufukuza ndugu saa za kuona wagonjwa zikiisha, na ukumbi mzima ukageuka. Jaji mmoja, daktari mama mwenye nywele nyeupe, akavua miwani. Akamuuliza profesa kama kweli waliandika hivyo. Profesa akasema ni sentensi ya kawaida, wanafunzi huichukua kutoka maandiko yaliyopita. Jaji akataka andiko lenyewe, likaletwa, na hapohapo mbele za watu ikajulikana. Sentensi ile ilitoka kwenye utafiti wa miaka sita nyuma, wa kuchunguza kama manesi wananawa mikono. Kwenye kunawa mikono ilikuwa na maana yake. Mwanafunzi mmoja akainakili, mwenzake akanakili kwa huyo, mwaka hadi mwaka, mpaka ikamfikia Bwana Saa, naye akaiweka kwenye utafiti wa watu wanaokosa pumzi. Profesa alitia sahihi. Kamati ya maadili ikagonga muhuri. Watu wote hao wana digrii zisizohesabika, na hakuna aliyeisoma.

Waliocheka korido hawakucheka tena. Majaji walinong'onezana, bango likaondolewa kwenye mashindano, na safari ya ng'ambo ya Bwana Saa ikafia hapo. Kijana alisimama na mikono yake mirefu ikining'inia, asijue aiweke wapi. Sista alirudi wodini kifua mbele. Jioni metroni akampigia simu, kwa mara ya kwanza akicheka.

"Umewaweza! Mkurugenzi sasa anagombana na chuo. Jumatatu wewe kaseme hivyohivyo, kwamba taarifa ulinyimwa. Hafukuzwi mtu hapo."

Usiku huo Sista alizungumza na mumewe vizuri tu.

Jumamosi asubuhi alikuwa stoo ya mashuka akihesabu yaliyorudi kutoka dobi, yaliyorudi pungufu kama kawaida, aliposikia shikamoo. Hakuitikia.

"Umekuja kufanya nini? Umebakiza kitanda gani?"

"Nimekuja kuomba radhi kuhusu sahihi yako, Sista. Nilitakiwa kuifunika. Na nilitakiwa kukuambia toka mwanzo kwamba nalinganisha na chati."

"Sahihi! Unaniomba radhi ya sahihi. Na fundi je? Wewe umekaa na arobaini na sita yako mfukoni, mtu anakufa, leo unaleta habari za sahihi?"

Bwana Saa akasema, kwa sauti ya chini, "Sista, nilikuambia."

"Uliniambia nini?"

"Siku ile. Ulikuwa kwa yule bibi wa mlangoni unatafuta mshipa. Nikaja nyuma yako nikasema, wa kumi na saba anapumua haraka sana. Ukasema, Bwana Saa, wewe hesabu, niache nifanye kazi. Nikasema tena. Ukasema, nikimaliza hapa."

"Muongo!" Sista akasema, na mkono ukanyanyuka wenyewe kumzaba kibao.

Mkono haukufika. Alimkumbuka yule bibi, ngozi kavu, mishipa imezama. Alikumbuka amemchoma mara ya tatu, na mtoto wa kiume wa bibi amesimama juu yake, amekunja mikono, akisema mnamtoboa mama yangu kama mnatoboa nguo. Alikumbuka jasho likimwingia machoni, na sauti moja nyuma ya bega lake, ya adabu, inayokera, inayosema kitu kuhusu kumi na saba. Aliikumbuka sauti hiyo vizuri sana. Alikumbuka mshipa ulipopatikana, na jinsi alivyoshukuru, na simu ya maabara ikalia. Na saa tano alikaa mezani, akavuta rundo la chati, akaandika ishirini, ishirini, ishirini. Akaandika na ya kumi na saba. Alikuwa ameshaambiwa, na akaandika.

Akaketi juu ya mashuka.

"Mbona hukusema ukumbini?"

"Ningesema, ungefukuzwa. Na mimi ningekuwa nimevunja andiko langu, na hesabu zote mia mbili zingetupwa."

"Kwa hiyo ulinihurumia mimi au hesabu zako?"

Kijana alifikiri. Angalau alifikiri. "Sijui, Sista. Hata siku ile sikujua. Ningeweza kumkimbilia daktari. Nilikuambia mara mbili, nikajiona nimeshavunja sheria vya kutosha, nikaenda kitanda cha kumi na nane."

Sista alitaka kumfukuza, hakuwa na nguvu. Miezi yote hii hasira yake ilikuwa na pa kwenda: kwa daktari wa saa tatu, kwa chuo, kwa profesa na chaja yake, kwa mtoto huyu. Zote zilikuwa hasira za haki, na hata sasa hakuifuta hata moja. Lakini hii iliyoingia stoo asubuhi ile ilikuwa yake mwenyewe, na ilikaa. Hata kulia haikumruhusu. Alimwambia kijana aende, na kijana akaenda.

Jumatatu saa nne, kamati ya nidhamu ilikuwa ya watu watano nyuma ya meza ndefu, metroni kando, na karani mwenye kalamu na karatasi za kumbukumbu. Mwenyekiti alikuwa mchangamfu. Ugomvi ulikuwa umeshahamia kwa chuo, na ugomvi na chuo aliupenda kuliko huu.

"Sista, tumesikia yote ya Ijumaa. Hatuna haja ya kukuchosha. Thibitisha tu kwamba siku ile hukupewa taarifa yoyote kuhusu hali ya mgonjwa wa kumi na saba, karani aandike, tufunge jalada. Umeshaaibishwa vya kutosha."

Alitakiwa kusema neno moja. Kijana asingelikanusha, alikuwa na nafasi ya kulikanusha mbele ya ukumbi mzima, akanyamaza. Sista alifikiria mshahara, ada ya binti yake, miaka kumi na tisa. Kisha akamfikiria mdogo wake fundi, akichungulia ndani ya ule mfuko kuona kama vitu vyote vipo.

"Nilipewa taarifa," akasema.

Metroni akafumba macho.

"Mwanafunzi aliniambia mara mbili. Nikamjibu, nikimaliza hapa. Sikumaliza. Saa tano nikaandika ishirini bila kwenda kumtazama mgonjwa. Andika hivyo."

Karani aliandika. Aliandika kwa kasi, kalamu inakwaruza, hakuacha neno. Mwenyekiti uchangamfu ulimtoka.

"Sasa andika na hili," Sista akaendelea. "Siku ile wagonjwa walikuwa arobaini na mmoja, manesi wawili, mmoja wao ana miezi mitatu kazini. Mashine za oksijeni mbili. Daktari alipita saa tatu hakumsikiliza mgonjwa kifua. Na chati zote za wodi hii zina ishirini, za zamu zote, miaka yote, na ninyi mlio hapa mezani mmezipitia na kuzisaini."

Karani aliinua kalamu, akamtazama mwenyekiti, akailaza mezani.

"Hayo si ya kamati hii," mwenyekiti akasema. "Hapa tunajadili kosa lako."

"Ndilo hilohilo. Nimelikiri. Sasa nataka liandikwe lote."

"Sista, usijiharibie zaidi."

"Kuharibikiwa nimeshaharibikiwa. Mliponitaja mimi, kalamu ilikimbia. Imeishiwa wino sasa hivi?"

Wakamsogezea karatasi asaini alichokiri. Akaisoma yote, kama alivyosoma lile bango, kuanzia juu. Ilikuwa kweli tupu, na ilikuwa nusu. Akairudisha katikati ya meza, akakunja mikono, akawaambia hasaini mpaka waandike iliyobaki, wamfukuze wakitaka, lakini wamfukuze na maneno yote. Mwenyekiti akamgombeza. Mjumbe mmoja akamsihi. Mwingine akatazama dirishani. Ikapita robo saa, na Sista bado amekaa.

Mwisho metroni akainama, akamshika bega, akamnong'oneza kwa sauti ambayo meza nzima ilisikia.

"Saini tu mdogo wangu, twende. Wodini amebaki yule binti mgeni peke yake na wagonjwa arobaini na watatu."

Sista akamgeukia karani.

"Umesikia? Hilo silisemi mimi, amelisema metroni. Shika kalamu."